Mondrian, Piet

Piet Mondrian (Amersfoort, 7 Machi 1872 – New York, 1 Februari 1944) alikuwa mchoraji Mholanzi na mmoja wa waasisi wa sanaa dhahania. Alizaliwa Pieter Cornelis Mondriaan. Alipohamia Paris aliipunguza herufi moja katika jina la ukoo. Baba yake, mwalimu mkuu, ndiye aliyemwanzisha kuchora.

Kutoka mti hadi mstari

Wengi wanaoziona picha zake mashuhuri, zenye mistari myeusi iliyonyooka na mistatili ya nyekundu, buluu na manjano, hudhani ni kazi ya rula na hesabu. Mfuatano wa kazi zake unakanusha dhana hiyo. Kabla ya 1912 aliuchora mti tena na tena: katika Mti Mwekundu matawi yanawaka kama moto, katika Mti wa Kijivu yamegeuka pinde zinazotanda picha nzima. Kufikia 1915, gati na bahari vilibaki vistari vifupi vinavyokatana. Ni jicho lililotazama kwa subira lililomfikisha hapo. Wapo wanaodai kwamba mistari hiyo ni mafundisho ya theosofia yaliyotiwa rangi, kwa kuwa alijiunga na chama chake mwaka 1909. Imani hiyo kweli ilimpa hamu ya kutafuta mpangilio uliofichika nyuma ya vitu, ila haikumwonyesha mstari upite wapi. Hilo alilitafuta kwenye picha yenyewe, akipaka, akifuta, akipaka upya. Ushahidi mzito ni Victory Boogie Woogie, aliyofariki kabla ya kuimaliza: bado imebandikwa vipande vya utepe wa gundi vya kujaribia. Mwenye kanuni tayari angejaribu nini? Tena katika Broadway Boogie Woogie (1942–43), akiwa na miaka sabini, aliiacha kabisa mistari myeusi iliyompatia sifa.

De Stijl

Jarida lililoanzishwa na Theo van Doesburg mwaka 1917. Mondrian aliliandikia makala za nadharia. Baadaye walitengana, Van Doesburg akitetea mstari wa mshazari.

Athari

Nyumba ya Rietveld Schröder mjini Utrecht (1924) ilitokana na kundi la wasanii waliolizunguka jarida la De Stijl. Mwaka 1965 Yves Saint Laurent alishona magauni kwa mfano wa picha za Mondrian. Victory Boogie Woogie ilinunuliwa mwaka 1998 kwa gulden milioni 80 na sasa iko Kunstmuseum, Den Haag.