Shambulio la Ghafla na Hesabu Yake: Uvamizi wa Kagera, 1978–1979

Kila mwaka tunapofika kwenye somo la ulinzi wa Taifa, tunawauliza wanafunzi wetu swali moja: kwa nini Idi Amin alivuka mpaka? Jibu linalotoka haraka kuliko yote ni kwamba nduli yule alikuwa mwendawazimu. Wanatukumbusha jinsi alivyotaka kupigana ngumi na Mwalimu ulingoni, Muhammad Ali awe mwamuzi. Darasa linacheka, nasi tunacheka. Lakini jibu hilo hatulikubali. Kada anayeridhika kwamba adui wa Taifa alikuwa kichaa tu hawezi kumtambua adui mwingine mwenye akili timamu atakayefanya kosa lile lile. Na wamefanya wengi.

Shambulio la kushtukiza lina mantiki yake. Mshambuliaji huchagua siku, saa na mahali. Kwa muda mfupi uwiano wa nguvu huwa upande wake, hata kama nguvu zake zote zikijumlishwa ni ndogo kuliko za yule anayeshambuliwa. Hiyo ndiyo faida yake, na faida hiyo huanza kupungua tangu saa ile anapovuka mpaka. Kila kilometa anayosonga mbele humtenga na maghala yake na humsogeza adui karibu na maghala yake mwenyewe. Clausewitz alikwisha kulieleza jambo hili katika karne ya 19: mashambulizi yana kilele, na anayekipita bila kuwa amekwisha kumvunja adui huanza kuteremka. Sasa tuitazame Kagera.

Mwaka 1978 utawala wa Amin ulikuwa umebanwa kutoka ndani. Uchumi wa Uganda ulikuwa umeporomoka tangu Waasia walipofukuzwa mwaka 1972. Jeshini kulikuwa na makundi yaliyowindana. Mwezi wa Aprili, Makamu wa Rais Mustafa Adrisi aliumia katika ajali ya gari ambayo wafuasi wake hawakuiamini kuwa ajali, na katika vikosi vya kusini magharibi uasi ulizuka. Utawala wa namna hiyo, usio na msingi kwa wananchi, hutafuta adui wa nje ili kuwashikanisha askari wanaotaka kuuana. Kwa hiyo vita vilianza kwa haja ya kisiasa ya ndani. Mkakati wa kijeshi haukuwapo. Hili ndilo kosa la kwanza, na yaliyofuata yalitoka humo.

Tarehe 30 Oktoba 1978 askari wa Uganda wapatao 3,000 walivuka mpaka. Walikuta askari wetu wachache sana. Tuseme ukweli, kwa kuwa kujikosoa ni wajibu wa kada: tulishtukizwa. Macho ya jeshi letu yalikuwa yameelekea kusini, ambako utawala wa walowezi wa Rhodesia ulikuwa ukiishambulia Msumbiji. Katika majuma yaliyotangulia Radio Uganda ilikuwa ikitangaza kwamba Tanzania imeivamia Uganda. Mwizi anayepiga kelele za mwizi kabla ya kuiba hutoa ishara, nasi hatukuipa ishara hiyo uzito wake. Wananchi wa mpakani ndio waliolipa. Watu waliuawa, wanawake walinajisiwa, ng'ombe kwa maelfu walipelekwa Uganda, na kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa na kuharibiwa.

Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, yapata kilometa 1,800 za mraba, ni ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka lilikuwa limebomolewa kwa baruti.

Tuliangalie daraja hilo kwa makini, maana ndani yake mna mkakati mzima wa Amin, au ukosefu wake. Mpaka wetu na Uganda ni mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 kwenye digrii moja kusini ya Ikweta. Mto unapita kusini ya mstari huo. Amin aliona mto ni mpaka wa asili, ukuta uliojengwa na Mungu, na kwamba akivunja daraja atakuwa amefunga mlango. Lakini mlango ukifungwa hufungwa pande zote mbili. Kwa kuvunja daraja alitangaza kwamba hana nia ya kwenda Bukoba wala mahali pengine popote. Alijifunga mwenyewe kwenye ulinzi, katika ardhi isiyokuwa yake, miongoni mwa wananchi waliomchukia, na askari wake wakiwa wanahesabu mabati na ng'ombe walioiba. Kutoka Kyaka hadi Mutukula ni kilometa 30 hivi. Hicho ndicho kimo cha ushindi wake wote. Jeshi la Tanzania alikuwa hajaligusa.

Na kwa upande wa siasa alitupa kile ambacho tusingeweza kukinunua kwa fedha. Tangu azimio la Cairo la mwaka 1964, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika zilikubaliana kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni isibadilishwe kwa nguvu. Kabla ya Oktoba 1978, Tanzania haikuwa na sababu halali ya kuingiza jeshi Uganda. Tena sisi wenyewe tulikuwa na doa. Septemba 1972 wafuasi wa Milton Obote walivuka kutoka ardhi yetu wakitumaini kwamba mshtuko ungewaamsha Waganda kuasi. Haikutokea hivyo. Walipigwa, na mwezi uliofuata tulitia saini Mapatano ya Mogadishu. Kwa uvamizi wake Amin alilifuta doa lile. Tarehe 2 Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Taifa akataja sababu, nia na uwezo, hakuhitaji kueleza sababu kwa kirefu. Mabasi, malori, madereva, wanamgambo na chakula vilitoka kila mkoa. Jeshi lililokuwa na askari wasiofika 50,000 lilipanuka na kuzidi 100,000 pamoja na wanamgambo. Katika mwezi huo wa Novemba askari wetu walivuka mto, na daraja la chuma la muda likatandazwa Kyaka.

Amin angeweza kujifunza kwa jirani. Julai 1977 Somalia iliingia Ogaden kwa ghafla, na Septemba ikauteka Jijiga. Lakini Harar haikuanguka, Urusi ya Kisovieti iliyokuwa rafiki wa Mogadishu ikahamia upande wa Ethiopia, Wakuba wakafika, na Machi 1978 Siad Barre akatangaza kuyaondoa majeshi yake. Ilikuwa miezi minane kasoro kabla ya Kagera. Saddam Hussein naye aliingia Iran Septemba 1980 akitaraji vita vya majuma machache. Vilikwisha Agosti 1988. Na wale wanaodhani kwamba setilaiti na ndege zisizo na rubani zimebadili kanuni hii, waiangalie Kursk: majeshi ya Ukraine yaliingia humo kwa ghafla Agosti 2024, dunia nzima ikashangaa, na kabla ya kiangazi cha 2025 karibu eneo lote lilikuwa limerudi mikononi mwa Urusi.

Hata hivyo, hesabu hii hatuna ruhusa ya kuifanyia wengine peke yao. Januari 1979 jeshi letu lilitwaa Mutukula, ng'ambo ya mpaka. Tangu hapo sisi ndio tuliokuwa tunaingia nchi ya watu. Mji ule ulibomolewa na raia waliuawa kwa kisasi, mpaka Mwalimu alipotoa amri kwamba raia wasiguswe. Mpango wa kwanza ulikuwa kufika Masaka na Mbarara, kisha Waganda wenyewe wamalize kazi. Miji hiyo ilitekwa mwishoni mwa Februari, lakini Amin hakuanguka. Badala yake Libya ikaleta askari. Tarehe 10 Machi, huko Lukaya, Brigedi ya 201, yenye wapiganaji wengi wapya na wanamgambo, ilirudishwa nyuma kwa mshtuko. Kesho yake, Brigedi ya 208 ilipozunguka ubavuni, mji ulirejeshwa. Mwisho wa mwezi ndege ya Libya ilikuja kuipiga ghala ya mafuta Mwanza, ikakosa. Vita vya kukomboa kilometa 1,800 za mraba vilikuwa vimegeuka vita na dola ya tatu, na kila hatua ilidai hatua nyingine.

Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979, na mapema Juni wapiganaji wetu walifika mpaka wa Sudan. Kwa nini sisi tulishinda pale wengine walipokwama? Tunaona sababu kubwa ni kwamba hatukushtukiza. Tulikwenda polepole, kwa miguu, ugavi ukitufuata nyuma, na mbele yetu kulikuwa na wananchi waliotupokea. Lakini hata hivyo gharama iliyokadiriwa ni dola za Marekani milioni 500, katika mwaka ule ule bei ya mafuta ilipopanda duniani, miaka miwili tu baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Katika mkutano wa Monrovia, Julai 1979, Rais Nimeiry wa Sudan alitulaumu waziwazi kwa kuvuka mpaka. Serikali ya Yusuf Lule ilidumu siku 68. Askari wetu waliendelea kulinda barabara za Uganda hadi 1981, na Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao sasa uliitwa Kagera, ulikuwa bado unajenga upya nyumba zake.

Mwalimu aliwaambia wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Wazazi wetu walioufunga wanajua uliendelea kufungwa kwa muda gani.