Kurasa Nyeupe za Daftari Letu



Katika yubile hii tunamshukuru Mungu kwa miaka yote ya parokia yetu. Lakini anayefungua daftari la ubatizo ataona kwamba baada ya kati ya mwaka 1964 kurasa zimebaki nyeupe. Wengine husema kwamba wakati ule parokia ilikufa. Sisi tuliopokea ushuhuda wa wazee wetu hatuwezi kukubali neno hilo.

Mwezi wa Agosti 1964 Wasimba waliteka mji wa Kisangani, ulioitwa wakati ule Stanleyville, na vita ikaenea katika nchi yetu ya misitu. Tarehe 26 Novemba Baba Askofu Joseph Wittebols aliuawa Wamba. Siku tatu baadaye Masista wa Jamaa Takatifu walichukuliwa kwa kamio kutoka Bafwabaka. Njiani walinyang'anywa rozari na misalaba yao. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, kule Isiro, Sista Anuarite aliuawa kwa kulinda nadhiri yake.

Waamini walibaki bila mchungaji, wametawanyika porini, jamaa hii ng'ambo ya mto, jamaa ile katika mashamba ya mbali. Kengele haikulia tena. Ili siku ya Mungu isipotee, wazee walifunga mafundo katika kamba, fundo moja kwa kila siku. Ilipofika ya saba, jua likiwa la saa tatu, kila kambi ilisali, ikijua kwamba ndugu wasioonekana wanasali saa ile ile. Vitabu havikuwepo, lakini Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki vilikuwa moyoni, na rozari ilihesabiwa kwa vidole. Katekista aliongoza, pasipo katekista, mama mmoja aliongoza.

Walishika pia sheria ya Eklezia. Mtoto aliye katika hatari ya kufa alibatizwa na mwamini yeyote kwa maji ya kijito. Wachumba waliokosa padri kwa muda mrefu waliahidiana mbele ya mashahidi wawili. Lakini Misa na Kitubio hakuna aliyethubutu kuviigiza. Hivyo walivisubiri kwa njaa.

Basi mapadri waliporudi hawakuanza upya. Waliletewa watoto waliokwisha kubatizwa, ili wakamilishiwe ibada.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Anuarite kuwa Mwenyeheri. Jina lake linajulikana duniani. Majina ya wale walioongoza sala porini hayajaandikwa popote, na wanaoyakumbuka wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo tunawaomba: anayejua jina la katekista au la mama wa namna hiyo, amletee Baba Paroko kabla yubile haijafungwa.

Na ninyi watoto wetu mnaokaa mbali, Kisangani, Bunia, Kinshasa au Ulaya, siku ya Mungu saa tatu tukumbukeni. Nasi tutakuwa tukiwakumbuka.

Mungu apewe sifa.