Kutoka Jeshini na Kusahihishiwa Hati: Istilahi za Askari wa Marekani

Msomaji akikuta habari kwamba kijana wa miaka 22 amestaafu jeshi la Marekani, ana haki ya kuguna. Kustaafu kwetu kuna umri wake, kuna kiinua mgongo, na mara nyingine kuna mbuzi wa kuagana. Kijana huyo hakustaafu. Alitia saini mkataba wa miaka minne, akautumikia, ukaisha, akarudi kwao. Kule kustaafu kwa pensheni kwa kawaida kunataka miaka 20 ya utumishi, isipokuwa kwa aliyeumia. Mwandishi akijirekebisha na kuandika kwamba kijana "ameachishwa", ndiyo kwanza ameharibu: mtu akiachishwa kazi, majirani hawaulizi mara mbili.

Kiingereza cha jeshini kina neno moja kuu kwa tendo hili, na ni lile lile analoandikiwa mgonjwa aliyepona na kwenda nyumbani. Lenyewe halisifu wala halilaumu. Sifa au lawama huja na kivumishi kinachofuata. Sisi tuna msamiati mwingi wa kuondoka kazini, lakini karibu kila neno limeshabeba hukumu yake ndani: kustaafu kuna fahari, kuachishwa kuna shaka, kufukuzwa kuna aibu. "Kuruhusiwa", tunakosema kwa mgonjwa, kunavutia, ila "ameruhusiwa jeshini" mwingine atasoma kwamba amekubaliwa kuingia. Kwa hiyo mimi natumia kitenzi kikavu kuliko vyote, kutoka: askari ametoka jeshini, karatasi yake ni hati ya kutoka jeshini, na jambo lenyewe ni utokaji. Neno hilo halina mapambo, na huo ndio uzuri wake, kwa kuwa mapambo yatawekwa na sifa.

Sifa zenyewe ni tano, ukimweka kando kuruti aliyeondoka mapema mno kiasi cha kutopewa sifa yoyote. Kuna utokaji wa heshima. Kuna utokaji wa kawaida, ambao bado uko ndani ya masharti ya heshima lakini una doa. Mwenye nao anapata huduma nyingi za maveterani ila anakosa ule mfuko wa kulipiwa masomo. Kuna utokaji usio wa heshima. Kisha kuna utokaji wa mwenendo mbaya, na wa mwisho kabisa, utokaji wa aibu. Hapa ndipo wafasiri wengi wanapoteleza, kwa kuwa "usio wa heshima" na "wa aibu" vinafanana mdomoni. Kisheria viko mbali. Zile sifa tatu za kwanza hutolewa na wakubwa wa jeshi kwa njia ya kiutawala, bila kesi. Mbili za mwisho haziwezi kutolewa ila na mahakama ya kijeshi iliyomtia mtu hatiani. Ukiandika kwamba mwenye utokaji usio wa heshima "alifukuzwa jeshini kwa aibu", umempa adhabu ambayo hakuna mahakama iliyompa, na msomaji wa karatasi yako huko Mombasa au Minneapolis hana namna ya kujua.

Karatasi ni Fomu DD 214, inayotumika tangu 1950. Ni ukurasa mmoja wa visanduku vyenye namba, na huyo mtu atauonyesha kwa waajiri, benki, chuo, ofisi ya maveterani, na siku yake ikifika familia itauonyesha ili azikwe kwa taratibu za kijeshi. Kisanduku cha 13 ni cha nishani. Cha 24 ndicho chenye ile sifa. Cha 26 kina herufi chache ambazo ni msimbo wa sababu ya kutoka, cha 27 kinaeleza kama anaweza kupokelewa tena jeshini, na cha 28 kinaitaja sababu kwa maneno. Hicho cha 28 ndicho kinachouma kimyakimya. Kati ya 1993 na 2011, chini ya sera iliyowakataza wapenzi wa jinsia moja kujitambulisha wakiwa jeshini, wako waliotoka na "heshima" kwenye kisanduku cha 24, huku kisanduku cha 28 kikimtangazia kila mwajiri jambo ambalo mwenyewe hakumwambia. Ndiyo maana nakala hutolewa ndefu na fupi, na ile fupi haina sehemu hiyo ya chini. Lakini mwajiri mjanja akipewa fupi huuliza ndefu iko wapi.

Sasa tuje kwenye kusahihisha. Kabla ya 1946, askari aliyeonewa na karatasi yake alikuwa na mlango mmoja mkubwa: amwombe mbunge wake apeleke mswada wa mtu mmoja katika Bunge la Marekani, upitishwe uwe sheria yenye jina lake. Bunge likachoka. Mwaka huo likapitisha sheria ya kuwapa mawaziri wa majeshi mamlaka ya kusahihisha kumbukumbu kupitia bodi za raia, yaani watu wasiovaa sare. Jeshi la nchi kavu lina bodi yake. Jeshi la majini na askari wake wa miguu (Marines) wana moja. Jeshi la anga linachangia na jeshi jipya la anga za juu. Walinzi wa pwani wana ya kwao. Sheria inayoziongoza inataja mambo mawili ambayo bodi inaweza kuyashughulikia: kusahihisha kosa na kuondoa dhuluma.

Mfasiri asiyesoma mpaka hapo ataandika "Bodi ya Marekebisho" na kuendelea na safari. Mimi nashikilia kusahihisha, na si kwa sababu ya ukaidi. Kurekebisha ni kukifanya kitu kikae vizuri zaidi: unarekebisha ratiba, unarekebisha kiti cha gari. Hakudai kwamba kilichokuwapo kilikuwa uongo. Sahihi ni kweli, na katika Kiswahili cha wazee wetu sahihi pia ni ile alama ya mkono chini ya barua. Hati ya kutoka jeshini imetiwa sahihi na ofisa wa serikali, na kwa sababu hiyo sheria huidhania kuwa kweli. Bodi huanza kwa kuamini kwamba wakubwa walifanya kazi yao sawasawa. Mzigo wa kuonyesha kwamba kilichotiwa sahihi hakikuwa sahihi anao mwombaji.

Upungufu wa neno langu unaonekana kwenye nusu ya pili. Dhuluma haisahihishwi kwa kalamu nyekundu kama insha ya mwanafunzi. Hati inaweza kuwa kweli neno kwa neno (tarehe sawa, jina sawa, kifungu cha kanuni sawa) na bado ikawa imemdhulumu mtu. Kwa hiyo katika matini ndefu siogopi kuvitenganisha: kusahihisha kosa, kuondoa dhuluma. Jina la bodi libaki Bodi ya Kusahihisha Kumbukumbu za Kijeshi, mradi msomaji aelezwe kwamba kazi yake ni pana kuliko jina.

Kosa ndilo jepesi. Nishani imesahaulika, mwezi wa kuingia umeandikwa vibaya, muda wa utumishi ng'ambo umepungua. Watu wetu wana makosa ya aina yao: jina la babu limegeuka la ukoo, jina la mtu limegawanywa katikati, au mkimbizi wa Kongo aliyepewa tarehe 1 Januari kwenye makaratasi ya kambini sasa amepata cheti chake halisi. Makosa madogo mengi hayafiki kwenye bodi hata kidogo. Ofisi ya kumbukumbu ya jeshi husika hutoa karatasi ya nyongeza, Fomu DD 215, inayosema kisanduku fulani kisomeke hivi badala ya vile. Haifuti ya kwanza, inaifuata. Ila kuna jambo linalowakera wengi: hati inaeleza hali ilivyokuwa siku ya kutoka. Aliyeolewa baadaye na kubadili jina hana kosa la kusahihisha, maana siku ile jina lilikuwa lile.

Dhuluma ina historia yake, na sehemu kubwa ni ya watu weusi. Agosti 1906, mjini Brownsville, Texas, risasi zilipigwa usiku, mtu mmoja akauawa, na lawama zikawashukia askari weusi wa kikosi cha 25 cha miguu. Hakuna aliyeshtakiwa. Rais Theodore Roosevelt akaamuru 167 kati yao watolewe jeshini bila heshima, wote kwa mkupuo, kwa kuwa hakuna aliyekubali kumtaja mwenzake. Wengine walikuwa na miaka mingi ya utumishi na pensheni ikinukia. Jeshi lilizibadili hati zao kuwa za heshima mwaka 1972. Miaka 66 ilikuwa imepita, na wengi walisahihishiwa wakiwa kaburini. Dorsie Willis, aliyekuwa hai bado, alilipwa dola 25,000.

Baadaye kukawa na vyeti vya buluu, vilivyoitwa hivyo kwa rangi ya karatasi yake. Havikuwa vya heshima wala vya aibu, na wakubwa walivipenda kwa sababu havikuhitaji kesi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili viliangukia askari weusi na wapenzi wa jinsia moja kupita idadi yao, na ofisi ya maveterani ikawanyima wenye navyo mafao ya baada ya vita. Gazeti la weusi la Pittsburgh Courier lilipiga kelele mwaka 1945. Vikafutwa 1947.

Dhuluma ya siku hizi ni ya namna nyingine. Askari anarudi Iraki au Afghanistani na kiwewe kichwani, halali, anakunywa, anachelewa gwaride, anagombana na sajini, anatolewa kwa utovu wa nidhamu. Kila neno kwenye jalada lake ni kweli, isipokuwa hakuna aliyeandika kwamba alikuwa mgonjwa. Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel alitoa waraka Septemba 2014 akizielekeza bodi ziyatazame maombi hayo kwa namna ambayo Kiswahili kinaihangaikia kidogo. Si huruma, maana huruma ni hisani. Nasema "kwa moyo mpana", na kama nafasi ipo naeleza: bodi isidai ushahidi wa hospitali wa wakati ambao daktari hakuwa akipima jambo hilo. Waraka wa 2017 uliongeza maswali ya kuongoza: je, alikuwa na hali hiyo, ilimpata akiwa jeshini, inaelezea alichofanya, na je, uzito wake unashinda kosa?

Kuna bodi nyingine, inayoshughulika na utokaji tu. Kwa jina lake, wanasheria wa Tanzania wana maneno mawili, marejeo na mapitio. La kwanza ni mahakama kuutazama upya uamuzi wake yenyewe; la pili ni iliyo juu kuikagua iliyo chini. Kwa kuwa bodi hiyo ni ya idara ile ile iliyomtoa askari, marejeo ndilo linalokaa. Inapokea maombi, kwa Fomu DD 293, ndani ya miaka 15 tangu kutoka, na haigusi adhabu za mahakama kuu ya kijeshi. Bodi ya kusahihisha inatumia Fomu DD 149, na muda wake ni miaka mitatu tangu mtu agundue kosa, ila inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa maslahi ya haki. Zote hazitozi ada. Anayekutoza kwa ajili ya fomu amekula pesa yako.

Yote hayo yanadhani jalada lipo. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika ghala la kumbukumbu za askari karibu na St. Louis, Missouri, kwenye jengo lisilo na mfumo wa kunyunyiza maji juu. Yaliteketea majalada milioni 16 hadi 18. Karibu 80 kwa mia ya majalada ya jeshi la nchi kavu ya waliotoka kati ya 1912 na 1960 yalikwenda na moshi, na nakala za akiba hazikuwepo. Tangu hapo, kwa maelfu ya wazee, kusahihisha kumetanguliwa na kazi ya kuunda upya kilichopotea: hati za mshahara wa mwisho, taarifa za asubuhi za kikosi, barua walizowahi kuandikiana na ofisi ya maveterani.

Sisi tuna kisa chetu cha kumthibitisha askari bila karatasi. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa Kiafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza chini ya kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck. Inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza wazee wengi lakini vyeti vya 1918 wakawa navyo wachache tu, ndipo afisa wa benki akamkabidhi kila mmoja ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani: bega silaha! Hakuna aliyekosea.

Kwa Waswahili walioko Marekani mambo haya si ya makumbusho. Mpango wa kuandikisha wageni wenye lugha adimu, ulioidhinishwa 2008 na kusitishwa 2016, uliweka Kiswahili kwenye orodha yake, na wako waliopata uraia kwa njia ya jeshi. Uraia wa namna hiyo unaweza kufutwa mtu akitolewa kwa sifa isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi mwema. Kwake yeye, kisanduku cha 24 ni pasipoti.

Basi anayemfasiria ndugu karatasi hizo aombe zote. DD 215 ikija peke yake ni mistari miwili ya namba na maneno yasiyo na mwenyewe. Ifasiriwe ikiwa imeambatishwa kwenye DD 214 yake, kisanduku kwa kisanduku, namba zikiachwa zilivyo. Mahali mpya inapopingana na ya zamani, ziandikwe zote mbili kama zilivyo, na tarehe zake. Kuamua ipi ya kufuata ni kazi ya ofisi inayopokea.