Leseni ya Pikipiki: Ilianzaje?

Leo tutazungumza juu ya leseni ya kuendesha pikipiki. Neno hili leseni tumelipata kwa Waingereza. Basi, twende kwao tukaone jambo hili lilianzaje.

Pikipiki ya kwanza ya petroli ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1885 na Gottlieb Daimler pamoja na mwenzake Wilhelm Maybach. Miaka michache baadaye pikipiki na motokaa zilienea Ulaya. Serikali ya Uingereza ikatunga sheria mwaka 1903, na tarehe 1 Januari 1904 leseni zikaanza.

Je, leseni hiyo ilipatikanaje? Mtu alilipa shilingi 5, akapewa. Kwa motokaa alitakiwa awe na umri wa miaka 17. Kwa pikipiki miaka 14 ilitosha! Hakuna aliyemwuliza, "Unajua kuendesha?" Karatasi ile ilikuwa ya kumtambulisha tu, ili akivunja sheria polisi wamjue ni nani. Haikuonyesha kwamba ana ujuzi.

Mwaka 1930 sheria ilibadilishwa, na umri wa kuendesha pikipiki ukawa miaka 16. Lakini watu wa kawaida bado hawakufanya mtihani. Matokeo yake yalikuwa nini? Sikilizeni vizuri hesabu hii. Mwaka 1934 nchi ile ilikuwa na magari na pikipiki kama 2,400,000 tu. Hata hivyo, watu 7,343 walikufa barabarani mwaka huo mmoja. Wengi walikuwa wakienda kwa miguu.

Hapo serikali ilikata shauri. Kuanzia tarehe 1 Juni 1935, kila aliyeanza kuendesha tangu tarehe 1 Aprili 1934 alilazimika kushinda mtihani. Ada yake ilikuwa shilingi 7 na peni 6 za Kiingereza. Mwanafunzi alitakiwa kubandika kibao chenye herufi L nyekundu, ili wengine wajue kwamba bado anajifunza.

Mtihani wa pikipiki ulikuwa na shida yake. Mtahini hakuweza kukaa kando ya dereva kama katika motokaa. Kwa hiyo alisimama kando ya njia, akamwangalia mwanafunzi akizunguka mitaani. Mara alijitokeza na kuinua mkono, aone kama mwanafunzi ataweza kusimama upesi bila kuanguka.

Herufi ile L ilifika kwetu Afrika Mashariki pia, na hata leo mnaiona juu ya magari ya wanafunzi. Vijana wengi siku hizi hupata riziki kwa bodaboda. Basi wewe unayetaka leseni, fikiri. Ukiipata kwa kutoa fedha bila kujifunza, umerudi mwaka 1904. Karatasi itakuwa mfukoni, lakini abiria aliye nyuma yako hana kinga. Jifunze kusoma alama za barabarani, kisha ufanye mtihani wa kweli.

Maswali ya darasa:
1. Leseni ya mwaka 1904 ilikuwa na kazi gani?
2. Kwa nini mtihani uliwekwa mwaka 1935?
3. Herufi L huwaambia nini watu wengine barabarani?