MIOME: Chuo Kilichowalea Vijana wa Mwambao

Sisi wa Takaungu tuna fungu letu katika chuo kile cha Tudor, Mombasa. Mazrui walipong'olewa katika utawala wa Mombasa mwaka 1837, tawi moja la ukoo lilikuja kukaa kwetu, na ni kijana wa ukoo huohuo aliyekuja kukipa chuo sifa.

Katika miaka ya arubaini, kijana wa Kiislamu wa mwambao alihitimu Kurani akiwa hana ufundi wa kumpatia kazi bandarini wala kwenye karakana. Jambo hili liliwaumiza wakubwa. Gavana Sir Philip Mitchell akaliamkia, Sayyid Khalifa bin Harub, Sultani wa Zanzibar, akatoa kwa ukarimu, Aga Khan akatoa, Mabohora wakachanga, na Serikali ya Uingereza ikaongeza. Mwaka 1948 hati ya amana ikatiwa saini, na mwaka 1951 Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME, ikapokea wanafunzi wa kwanza. Majengo yake ya matao na makuba yalimfanya kijana aone kuwa ufundi wa umeme na mitambo si kazi ya kuacha dini mlangoni. Mola awalipe waasisi wote.

Kisa kinachopendwa kuliko vyote ni cha karani. Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin bin Ali, alifiwa na babake mwaka 1947, na mtihani wa Cambridge haukumpa alama za kumfikisha chuo kikuu. Akaajiriwa MIOME kama karani. Siku ya Maulid akasimama kuhutubia juu ya Mtume, na Gavana Mitchell alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Hotuba ikamkaa Gavana moyoni. Akamwita, akamuuliza anataka kufanya nini maishani. Kijana akasema anataka kusoma zaidi. Njia ikatafutwa, na mwaka 1955 akasafiri kwenda Huddersfield, Uingereza, kisha Manchester, Columbia na Oxford, akarudi Afrika kuwa profesa Makerere. Kwangu mimi, chuo kingelifanya hilo moja tu, kingelitosha kushukuriwa.

Uhuru ulipokuja milango ilifunguliwa kwa Wakenya wa dini zote, na mwaka 1966 jina likawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa. Wako wazee waliosononeka kuona neno la Kiislamu limeondoka kibaoni. Lakini wana wao waliendelea kuingia, na wenzao wa bara wakawa ndugu.

Yaliyofuata yanajulikana: Mombasa Politekniki mwaka 1972, chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia mwaka 2007, na Januari 2013, hati ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Wazazi wa Takaungu, mwana au binti akifaulu, msimwache akae barazani. Mpelekeni Tudor.