Tango Ndani ya Supu? Kabla Hujacheka, Sikia Habari za Bibi wa Uzaramo

Mwambie mtu wa Dar kwamba tango linapikwa kwenye supu, uone atakavyokuangalia. Kwa mtoto wa mjini supu ni ya ng'ombe au ya kuku, asubuhi, na chapati mbili, ndimu na pilipili pembeni. Tango kazi yake ni kachumbari, basi. Wengine wanalijua zaidi kwa kuwekwa machoni siku ya kujipaka maski.

Kumbe tango lina historia ndefu kuliko hiyo, na sehemu yake ipo jirani tu. Toka Dar, shika njia ya Pugu, ingia Kisarawe, endelea mpaka Maneromango. Wilaya hiyo ina Masaki yake pia, ila siyo ile ya maghorofa na upepo wa bahari. Huku ni Uzaramo: mihogo, minazi, mikorosho, na nyuma ya nyumba, karibu na jiko, kibustani cha mama. Hicho kibustani ndiyo habari yenyewe.

Tuanze na jina. Wataalamu wa mimea wanasema tango asili yake ni India, chini ya milima ya Himalaya, ambako ndugu yake wa porini, mdogo na mchungu, bado anaota mpaka leo. Yaani kwa Afrika tango ni mgeni, kama lilivyo embe. Sasa angalia maajabu: jina lake siyo la Kihindi wala la Kiarabu. Mwarabu anasema khiyar. "Tango" ni neno la Kibantu, tena kongwe. Mzulu wa Afrika Kusini akisema ithanga anamaanisha boga. Mshona wa Zimbabwe akisema nhanga, naye ni boga hilo hilo. Mzizi ni mmoja. Na hata hayo maboga ni wageni, maana asili yake ni bara la Amerika.

Kwa hiyo jina lilikuwepo kabla ya mboga. Wabantu walikuwa nalo tayari kwa mimea yao wenyewe inayotambaa. Mgeni alipofika, mtu alisimama uani, akaangalia jani, kikonyo kinachojisokota na ua la njano, akasema huyu ni wa ukoo ule ule. Huku pwani jina likalifuata tango, kule kusini likalifuata boga. Nani alisema? Hakuna anayejua. Ila mboga za nyuma ya nyumba kwa kawaida ni mali ya mwanamke, basi usishangae kama aliyetoa jina alikuwa bibi fulani mwenye jembe mkononi na mtoto mgongoni.

Jambo kama hilo limetokea hata kwenye Biblia. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, Waisraeli jangwani wanalilia matango ya Misri. Watafiti waliochunguza lugha na picha za kale wanasema yale hayakuwa matango haya ya leo. Yalikuwa aina ya tikiti refu lililopinda kama nyoka. Wafasiri wakaweka jina la mboga ambayo msomaji anaijua jikoni kwake. Walutheri wa Kijerumani walifungua misheni Maneromango mwaka 1895, na ibada zinaendelea mpaka leo. Anayesikia sura hiyo kanisani pale anapata picha ya tango lake yeye, siyo la Farao.

Sasa tazama historia iliyoandikwa. Mwaka 1857 Burton na Speke walikatiza Uzaramo wakielekea bara, Burton akaandika kitabu, jina lake likabaki. Mwaka 1902 Wajerumani wakaanzisha mashamba ya pamba ya lazima pande hizi. Mtu anaacha shamba la chakula anakwenda kulima pamba ya serikali, malipo kiduchu. Hasira zikajaa, na 1905 Maji Maji ilipoanza Umatumbi, moto ulifika mpaka Uzaramo. Kibasila, jumbe wa Kisangire, alikuwa miongoni mwa waliokataa, Wajerumani wakamnyonga. Leo Dar kuna sekondari yenye jina lake, na wengi wanaipita kwenye daladala bila kujua huyo Kibasila alikuwa nani.

Na nyumbani je? Wanaume wako kwenye pamba, chungu kinachemka au hakichemki? Hakuna karani aliyeandika hesabu ya mamumunye na matango ya uani. Pamba ilipimwa kwa mizani kwa sababu ilikuwa inapanda meli. Mboga ya mama haikupanda meli. Ililiwa jioni, ikaisha, na jina la aliyeipanda likaisha nayo.

Kilichobaki ni mapishi. Pwani nzima mumunye changa linapikwa kwa nazi. Likiachwa likomae na kukauka, linakuwa chombo cha maji au kata. Tango nalo lina maisha mawili. Likiwa changa unalitafuna bichi. Likikaa kwenye mti mpaka liwe kubwa na njano, watu wa mjini wanalitupa, wakati ndipo linapofaa chungu. Wachina wanalipika kwenye supu ya mifupa, na Wahindi wa kusini wanalipika kwenye mchuzi wa dengu. Unamenya, unapasua katikati, unakwangua mbegu kwa kijiko, unakata vipande vinene. Supu ya samaki au ya mifupa ikishaiva, unatumbukiza vipande dakika kumi za mwisho. Ukitaka kipwani zaidi, mwagia tui zito, koroga taratibu lisikatike, kisha kamulia ndimu. Tango linakunywa mchuzi na linakuwa laini kama mumunye. Angalizo moja: onja kipande kibichi kwanza. Likiwa chungu sana, tupa. Uchungu huo ni sumu ya asili ya ukoo huu, na jiko haliiondoi.

Kulima hakuhitaji shamba Kisarawe. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, mbegu mbili tatu kwenye kina cha sentimita mbili, jua la kutosha na kamba ya kupandia. Maji kila siku, kwa sababu mti ukiteseka na kiu, tunda linaingia uchungu. Maua ya kwanza mara nyingi ni ya kiume, yataanguka, usilie. La kike utalijua kwa kitango kidogo nyuma yake. Kama unakaa ghorofa ya nne na nyuki hawafiki, chukua brashi laini, toa unga kwenye ua la kiume, pakaza la kike. Siku 45 hadi 60 tangu kupanda unaanza kuchuma.

Shida ipo kwenye mbegu. Nyingi za dukani siku hizi ni chotara. Zinazaa vizuri mara moja, ila ukipanda mbegu za tunda lake, watoto hawafanani na mama, na msimu ujao unarudi dukani. Bibi hakuwa na duka. Aliacha tango moja zuri liive kabisa, akatoa mbegu, akaziosha, akazianika kivulini, akazifunga kwenye kitambaa. Akampa binti yake anayeolewa, akampa jirani. Hivyo ndivyo mbegu ilivyovuka vita, njaa na serikali tatu bila kuandikwa popote.

Mlolongo huo unakatika pale ambapo hakuna wa kupokea. Kama bado una bibi kijijini, Maneromango au kwingine, safari ijayo usimuulize umbea wa ukoo tu. Muulize kama ana mbegu, na muulize aliipata kwa nani. Atakutajia jina. Liandike.