Kimea cha Bibi na Jiko la Wanafunzi



Mkoa wetu hauna sifa ya njaa. Mahindi yetu hulisha watu wa mbali, na viazi na maharage hushuka Dar es Salaam kwa malori. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ni kama asilimia 30. Hakuna mkoa uliotuzidi. Mwaka huu tunachangia jiko la wanafunzi, na kabla hatujatoa fedha ni vizuri tukumbuke kwamba vita hii tulishaipigana zamani, tena tulifika mbali.

Mwaka 1973 redio iliwakusanya wazee wetu katika vikundi vya Mtu ni Afya, na 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Kazi kubwa hasa ilianza 1983, pale vijiji 168 vya Iringa (Njombe ilikuwa bado ndani yetu) vilipoingizwa katika mradi wa lishe wa Serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Watoto walipimwa uzito kijijini, na matokeo yakapelekwa kwenye mamlaka ya kijiji, mbele ya wanaume waliozoea kusema kwamba chakula cha mtoto ni habari ya mama yake.

Ikaonekana kwamba ghala kujaa hakutoshi. Mama alishinda shambani, na mtoto akala mara mbili tu kwa siku. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji mzito humshinda kumeza, na ukiongezwa maji unashuka vizuri lakini hauna kitu. Dawa ilikuwa nyumbani kwetu siku zote: kimea, kile kile cha togwa na pombe. Ulezi unalowekwa, unafunikwa hadi uchipue, unaanikwa ukauke kabisa, kisha unasagwa. Kijiko kimoja kikikorogwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo, uji unalegea wenyewe bila tone la maji, kwa sababu kimea huvunja wanga. Mtoto anakula chakula kingi ndani ya kikombe kile kile. Mradi ulipoanza, zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na uzito pungufu. Kufikia 1988 walikuwa chini ya asilimia 40.

Walioalikwa kufundishwa walikuwa mama zetu. Lakini mchana, mama akiwa shambani, nani alikoroga uji? Dada mtu wa miaka kumi, au kaka mtu kama hakuna dada. Hao hawakuitwa kwenye kikao. Baadaye shuleni likaja somo la Stadi za Kazi, na mapishi yalikuwamo. Mimi niliyasoma kwa chaki. Nilichora jiko la mkaa nikapata alama nzuri, wala sikuwahi kuliwasha. Nilijifunza kupika ugali nikiwa na miaka ishirini na tatu, chumba cha kupanga, kwa kuunguza.

Na tusifichane. Mabinti zetu wengi wameondoka nyumbani na miaka kumi na minne kwenda kufanya kazi za ndani mijini. Wamefundishwa uji wa lishe na mboga za kila aina katika majiko ya watu, kwa ajili ya watoto wa watu, huku wadogo zao kijijini wakinywa uji mweupe. Baadhi yetu tunaosoma kitabu hiki ndio tuliowaajiri.

Jiko linaloombwa ni banda moja lenye meko ya kuni chache, sufuria, vinu viwili na mizani. Watapika wasichana na wavulana, darasa la tano hadi kidato cha pili, kwa vyakula vinavyolimwa pale pale: maharage, majani ya maboga, viazi, njegere, parachichi. Gharama ziko ukurasa unaofuata. Kimea hamtakiona katika orodha ile. Bibi wawili waliohudhuria mafunzo ya miaka ile ya themanini wamesema watakuja nacho.